Daftari la Kumshinda Wifi

Siku aliyoushona mfuko wa suruali ya mteja ukafungika kabisa, mkono usiweze kuingia, ndipo Fundi alipokubali kwamba kijiba cha roho kimeanza kumharibia kazi. Mteja alicheka. Fundi hakucheka. Aliishika suruali, akaanza kuufumua ule mshono uzi kwa uzi, huku sikio lake moja likiwa limebaki palepale lilipokuwa tangu mchana: kwa wifi yake.

Fundi ndilo jina alilojulikana nalo mtaa mzima. Hata mama yake mzazi alimwita hivyo, ingawa ufundi wenyewe aliuchota kwake. Cherehani ilikuwa ya mama. Macho ya mama yalipoanza kuingia ukungu, alihamia kwenye kiti chenye mito karibu na mlango, akamwachia bintiye dirisha, meza ya kukatia na wateja pamoja na maneno yao. Tangu hapo Fundi ndiye aliyempikia, aliyemtia dawa ya macho, aliyemshika mkono kwenda msalani na kurudi, na kumeza manung'uniko yake yote. Ndugu wengine walipiga simu. Kupiga simu ni kazi nzuri, haichoshi mgongo.

Halafu wifi akaja. Mdogo wake Fundi wa kiume alikuwa amehamishwa kikazi, akamleta mkewe akae hapo nyumbani mpaka watakapopata nyumba yao. Mwanamke mpole, karani wa mapokezi kwenye zahanati, mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na hata tundu moja la sindano. Fundi alijitahidi kumtafutia kasoro, akakosa, na hilo nalo likamuudhi.

Kila mchana wifi alirudi kazini, akanawa, akavuta kigoda karibu na mama, akafungua daftari. Tena si daftari la mchezo. Jalada jeusi gumu, kurasa za rangi ya maziwa, utepe mwembamba wa kuwekea alama, na mpira wa kulifunga lisije likajifungua. Aliandika mambo yake ya siku, hiyo ilikuwa desturi yake tangu usichana. Siku moja mama akamuuliza anaandika nini, na yeye akajibu kwamba angependa zaidi kuandika ya mama kuliko yake mwenyewe. Basi. Bomba likafunguka.

Mama huyuhuyu, ambaye Fundi alikaa naye miaka nenda rudi akimuuliza, "Mama, ulikuwaje fundi?" na kujibiwa, "Nilishona, nikawa," sasa alikuwa anaongea kama redio. Aliongea utoto wake, majirani wa zamani, bosi wake wa kwanza aliyekuwa na jino la bandia lililomdondokea kwenye uji. Wifi anacheka, mama anacheka, kalamu inakwenda. Fundi naye yuko mita chache tu pale, anakanyaga cherehani, na kila anapokanyaga haisikii hadithi, na kila anapoacha kukanyaga mama anauliza, "Vipi, uzi umekatika?" Ulimkatika mara nyingi mno uzi huo wa kusingizia.

Alichotaka kilikuwa kimoja. Alitaka mama amwambie na yeye. Mama alikuwa amezeeka, hadithi zake haziko kwenye kabati kwamba mtu atazikuta siku nyingine, na zote zilikuwa zinamwagwa kwenye mapaja ya mtu wa kuja juzi. Mchumia juani hulia kivulini, alijisemea Fundi, kisha roho ikamuuma, kwa sababu kulia kivulini ndiko alikokuwa anakaribia.

Watu wenye wivu wana akili ya ajabu. Badala ya kuvuta kigoda chake akakaa, Fundi alikata shauri kwamba tatizo ni daftari. Wifi ana daftari zuri, ndiyo maana anaambiwa. Basi naye atanunua daftari, la kumshinda.

Kesho yake alifunga kazi mapema, akaenda duka la stesheneri nyuma ya stendi. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mtulivu, miwani imening'inia kifuani, asiyemharakisha mteja wala kumsifia bidhaa. Fundi aliomba daftari jeusi lenye mpira na utepe. Aliletewa. Akaligeuza nyuma, akaona bei, akalirudisha juu ya kaunta taratibu kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Akasema rangi nyeusi haipendi.

Mwenye duka akamuuliza analitaka la kazi gani. Fundi akasema la kuandikia mambo ya nyumbani, ya kila siku, mtu anakaa nalo mapajani, linakuwa kwenye mfuko wa aproni, linachukuliwa na kuwekwa. Wakaanza kuyashusha moja moja. Yale membamba ya shule yalikuwa bei ya bure, lakini yamebanwa kwa pini mbili za chuma, na Fundi anajua kitu kilichobanwa pini mbili kinadumu muda gani. La springi lilifunguka vizuri hata likakunjika mgongo kwa mgongo, ila alipolipitisha kwenye ukingo wa gauni lake ile waya ikavuta uzi, naye akalisukuma mbali kama limemtukana. La gundi alilifungua katikati, mgongo ukalia ka! akaona karatasi ya kwanza tayari inaaga wenzake. Rahisi huwa ghali, akasema, na mwenye duka akakubali kwa kichwa.

La mwisho lilikuwa la saizi ya kiganja kilichofunguka, jalada lake kitambaa kigumu cha kijivu. Fundi alilifungua katikati, likalala wazi mezani bila kushikiliwa. Akaona uzi. Akauinamia. Kurasa zilikuwa zimeshonwa, si kubandikwa, vifungu vifungu, uzi uliotiwa nta, mishono iliyolingana kama imepigwa na mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Akauvuta kwa ukucha, haukulegea. Akasugua kitambaa cha jalada kwa kidole gumba, hakikutoa manyoya. Bei ilikuwa ya katikati, ya kuguna kidogo tu.

"Jaribu na karatasi," mwenye duka akamwambia, akimsogezea kalamu. "Andika hapo ukurasa wa mwisho, halafu uugeuze."

"Mimi naangalia mshono," Fundi akajibu. "Mshono ukiwa mzuri, nguo ni nzuri."

Mwenye duka akavaa miwani, akamtazama, akaivua. Akamfungia. Fundi akanunua na kalamu ya wino wa maji, nyeusi, kama ya wifi.

Alipofika nyumbani alihakikisha wifi ameliona. Aliliweka juu ya meza ya kukatia, akaliondoa, akaliweka tena. Wifi hatimaye akalichukua, akalifungua, akasema kwa moyo mweupe kwamba ni zuri kweli, linalala lenyewe, lake yeye kila mara linajifunga katikati ya sentensi. Hapo Fundi angepaswa kufurahi. Badala yake aliona wifi amemwibia hata ushindi wake, maana mtu akikusifia kwa moyo mweupe unabaki umeshika wivu wako mkononi huna pa kuuweka.

Siku iliyofuata wifi alichelewa zahanati. Fundi akaona ndiyo nafasi. Akasukuma kazi ya mteja pembeni, akavuta kigoda kilekile, akakaa palepale, daftari mapajani.

"Mama, niambie na mimi," akasema. "Naandika."

Mama akageuza uso kwenye sauti yake. Akaanza, na Fundi alijua mara moja kwamba hii ni hadithi ambayo hata wifi hajaipata. Alikuwa msichana mdogo, mama akasema, anaishi kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa na gauni moja la maana, la kutokea. Mama alitamani mno kujua gauni linashonwaje. Sasa siku moja shangazi ametoka kwenda sokoni, yeye akachukua wembe, akalifumua lote. Mikono kando, kola kando, kiuno kando. Akayapanga mapande kitandani ayasome.

"Lilikuwa gauni la kijani," mama akasema, "na..."

"La bluu, mama."

Mama akasita.

"Lilikuwa la bluu. Si ile kola ya shangazi yako iliyokuwa kwenye kopo la vifungo? Niliichezea utotoni. Ilikuwa bluu."

Mama akasema sawa, la bluu. Akaendelea kwamba basi yako kitandani, mapande saba. Fundi akasema gauni la kola halina mapande saba, labda tisa. Mama akasema tisa. Kisha akasema shangazi akafungua mlango, na Fundi, ambaye kalamu yake ilikuwa imebaki nyuma na amepania asipitwe na neno, akasema, "Ngoja. Si ulisema ameenda sokoni? Amerudi saa ngapi? Mbona haraka hivyo?"

Mama akashika mto wa kiti, akauweka sawa ingawa ulikuwa sawa.

"Akafanya nini shangazi?" Fundi akauliza.

"Wewe si unajua kila kitu," mama akasema bila hasira. "Kila nikifungua mdomo unanimalizia. Andika tu mwenyewe."

Ulimi hauna mfupa, lakini wa Fundi siku hiyo ulikuwa na mkasi. Alitazama daftari lake. Aliyoyaandika ukurasa wa kwanza yalikuwa yamepenya mpaka wa pili na kutia madoa wa tatu. Karatasi ilikuwa imeunywa wino wote, kila herufi imevimba, na gauni la shangazi halikusomeka kama ni la rangi gani. Mshono ulikuwa safi. Alilifunga daftari, akarudi kwenye cherehani, akakanyaga kwa nguvu ili asisikike akipenga kamasi.

Wifi aliporudi aliyaona madoa. Alitoa penseli kwenye mkoba wake akaiweka juu ya jalada la kijivu, akasema karatasi za namna ile zinapenda penseli. Fundi alitaka kuikataa. Aliichukua, kwa sababu ilikuwa imechongwa vizuri, na kwa sababu mtu aliyelipia kitu lazima akitumie.

Mchana wa kesho yake wifi akavuta kigoda. Mama akasubiri mpaka cherehani ingurume, kisha akaanza: alikuwa msichana mdogo, anaishi kwa shangazi yake.

Fundi akaacha kukanyaga. Safari hii mama hakuuliza habari za uzi.

"Gauni lilikuwa la kijani," mama akasema.

Fundi alihisi neno limemjaa mdomoni, bluu, linataka kutoka lenyewe. Aliona ile kola wazi kabisa, ndogo, ya duara, bluu kama kitu kingine chochote cha bluu. Akachukua pini za kwenye mto wa pini, akazibana kwa meno, kama afanyavyo anapopinda pindo. Fundi mwenye pini mdomoni hawezi kusema. Mapande yakawa saba. Shangazi akaenda sokoni na kurudi kwa kasi ya ndege. Fundi akauma pini.

"Akafungua mlango," mama akasema. "Akayaona yamejaa kitanda kizima. Akanichapa kwanza. Nilichapwa, mwanangu, acha. Kisha akakaa kitandani, akapumua, akaniambia, haya, sasa lishone. Nikamwambia siwezi. Akasema, umeweza kulifumua. Akanikalia pale, nikalishona mpaka vidole vimejaa matundu ya sindano. Likatoka limembana makwapani. Na akalivaa. Alikwenda nalo harusi ya jirani siku ileile, hakuinua mkono mpaka wanarudi, watu wakidhani anaringa."

Wifi alicheka mpaka kalamu ikasimama. Mama naye alicheka, kisha akafuta macho yake yenye ukungu, na haikuwa kwa dawa. Fundi alikuwa amegeukia dirishani. Alilelewa na mkono huohuo: alipoharibu nguo ya kwanza ya mteja, mama alimchapa, akakaa, akamwambia haya, lishone. Alidhani ni ukali wa mama tu.

Wifi si mjinga. Alikuwa ameona pini zile, na jana alikuwa ameona madoa. Akainua kichwa.

"Wifi, hilo gauni lilikuwa la kijani?"

Mama akageuza uso kuelekea cherehani. Akasubiri.

Fundi akatoa pini mdomoni moja moja, akazirudisha kwenye mto wake.

"Andika anavyosema mama," akasema.

Mama akaegemea mito. Akamwambia wifi aongeze kwamba ile kola aliificha kwenye kopo la vifungo miaka yote, kwa sababu ilimbakia mkononi, hakujua pa kuirudishia, na shangazi akaenda harusini na gauni lisilo na kola.

Wivu haukumtoka Fundi. Nani aliwahi kutokwa na wivu kwa mchana mmoja? Bado aliona kile kigoda kingekuwa chake, na bado daftari jeusi lilimchoma macho. Lakini wifi alipokwenda kuteleka chai, alifungua lile lake la kijivu, likalala wazi mezani bila kushikwa, akaruka zile kurasa zilizoharibika. Akachukua penseli. Karatasi ikaipokea vizuri, haikunywa kitu.

Akaandika: Lilikuwa la bluu.