Kitufe cha Kupunguza Sauti

Nichekeni tu, nimeshazoea. Kompyuta za shule yetu hapa Koboko zinatumia Linux, na zina desktopu mbili, yaani sura mbili za skrini, kila moja na mipangilio yake ya vitufe. Unachagua moja unapoingia. Vitufe vya sauti vilikuwa vimegoma, nami nikajitolea kuvitengeneza, maana siku ya wazazi mwalimu mkuu angetangaza kiranja wa kompyuta.

Kwenye desktopu ya kwanza nilivipanga vizuri. Kwenye ya pili, ile ya utundu wangu, nilikiamuru kitufe cha kupunguza sauti kicheze rekodi yangu nikimwiga mwalimu mkuu: "Wewe! Chomeka shati! Kichwa yako iko kama shamba!" Halafu fundi mkubwa mimi nikasahau kwamba usipochagua, kompyuta huanza na desktopu iliyotumika mwisho.

Siku ikafika. Video ya kwaya ilipopiga kelele sana, mwalimu mkuu akabonyeza kupunguza.

"Wewe! Chomeka shati!"

Wazazi wawili wakachomeka. Akabonyeza tena, na tena, na kila alipobonyeza akatokea mwalimu mkuu mwingine, mpaka wakawa watano wanagombana.

"Hii mimi nilisema lini?" akauliza, akiamini kabisa ni sauti yake. Nikashusha pumzi. Nimepona!

Ndipo baba yangu, mwanajeshi mstaafu, akasimama kifua mbele.

"Hapana wewe, mwalimu! Hiyo iko sauti ya kijana yangu. Nyumbani iko nakuiga kila siku, mama yake nacheka mpaka nalia!"