Hodi kwenye Kompyuta

Wakala wetu wa forodha hapa Tunduma hufunga tai kila anapotuma maombi ya mzigo kwenye mfumo. Sijui nani alimwambia kompyuta ina macho. Kabla ya kubonyeza hunong'ona, "Hodi." Kibali kikitoka, huinuka kidogo kitini: "Asante, mkuu." Fides wa meza ya pili hucheka mpaka machozi.

Juzi dereva wa mahindi kutoka Zambia alipata kibali kabla chai yake haijapoa, akakimbilia lori lake awahi soko la Mlowo. Alishawasha injini wakala alipomfikia na kugonga mlango.

"Mwanangu, zamani tulisubiri hapa mpaka nikajua majina ya watoto wa kila dereva. Wewe hata hatujasalimiana!"

Dereva akacheka, akazima injini, akaanza na jina la kifungua mimba.