Nitazame Nikila

Usiku ule baba alikuja akiwa na njaa. Marehemu wa wenzangu huwajia wamevaa nguo nyeupe, wanatabasamu. Wangu alikuja kakunja uso, shati limejaa pumba za mpunga, akaniuliza, "Kabula, hamjapika?"

Ngoja nieleze kwanza, maana nje ya kwetu watu hawaelewi. Baba alianza na mashine moja ya kukoboa mpunga, akaishia na mabasi, maghala na ubunge. Alipokuwa mbunge ndipo wazee wa ukoo walipomfuata wampe kiti cha utemi alichokalia babu yake. Alifurahi, weee! Lakini kwetu mtemi haonekani akila. Chakula chake hupelekwa nyuma ya pazia. Anayekipeleka anainamisha uso, anaweka, anarudi kinyumenyume. Mtu aliyekuwa akigombania nasi ukoko wa wali akawa anakula peke yake kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Na ubunge ndio ukazidisha. Kila siku yuko harusini au msibani kwa wapiga kura, watu wanatafuna, yeye kashika chupa ya maji ambayo hata kifuniko hajafungua. Kwenye harusi yangu alitoa hotuba nzuri mno, kisha akaenda kukaa garini mpaka tulipomaliza kula. Iliniuma, na hadi leo inaniuma.

Sasa walikuwa wanamtawaza mdogo wangu Maige ashike kiti hicho. Sherehe ilikuwa asubuhi iliyofuata ndoto ile. Mimi niligoma kwenda.

Basi, ndotoni tuko mashineni. Mashine inazunguka, sauti siisikii, mtetemo tu nausikia miguuni. Baba kakaa juu ya gunia, kavua kiatu kimoja, kama zamani kabla hajaitwa mheshimiwa. Nina sahani mkononi, sijui kanipa nani: wali na samaki, kwa mchuzi wa karanga aliokuwa akiupenda. Namsogelea. Nikifika karibu, shingo inainama yenyewe. Mazoea, jamani! Naweka sahani chini, narudi kinyumenyume, nikiinua macho baba yuko mbali zaidi, na sahani bado ninayo mimi.

Mara tuko ukumbini, nimevaa shela, na nina tumbo la mwanangu wa pili. Baba yuko meza kuu, viti vyote vitupu.

"Kula basi, baba," nikamwambia. "Hakuna mtu."

"Upo wewe."

"Nitafumba macho."

Akapiga meza kwa kiganja. "Nani kakwambia ufumbe? Nitazame. Nataka unitazame nikila."

Mungu wangu, nilijaribu. Nilikaza shingo mpaka ikauma. Nikashika kidevu kwa mikono miwili nikakisukuma juu, kama mtu anayefungua dirisha lililokwama, hakikupanda. Naona pindo la kitambaa cha meza. Naona vidole vyake vimetulia kando ya sahani, vinasubiri. Nikaanza kulia, namwambia, "Naja baba, naja," na huku siendi popote. Wali ukapoa. Sijui nilijuaje, ila ulipoa, na hakuugusa.

Kisha ni wodini, kitanda kile kile alichofia, kikombe cha uji kiko juu ya kabati. Alipokuwa hai alikataa kulishwa mbele ya manesi na wagonjwa wenzake. Wazee wakataka shuka litundikwe, daktari akagomba, na wakati wanabishana baba alizidi kuisha, mimi nimesimama tu mlangoni kama kiti. Ndotoni hapana daktari wala wazee. Najua baba ananiangalia, ingawa macho yangu yako sakafuni. Akasema taratibu, kwa sauti ambayo bungeni hawakuwahi kuisikia:

"Mwambie mdogo wako akatae."

Nikataka kumuuliza atamkatalia nani, na kwa mdomo gani, watu wote wale. Akavuta shuka, akajifunika mpaka kichwani.

Niliamka mume wangu ananitikisa, mto umelowa. Kulikuwa kunapambazuka. Nikampigia Maige pale pale. Akapokea upesi, na nyuma yake nikasikia mtu anajaribu spika na ngoma zinapigwa moja moja.

"Maige, baba kanijia. Anasema ukatae."

Nikasikia mlango unafungwa, ngoma zikafifia.

"Aliniambia hivyo hivyo hospitali, dada. Akiwa na akili zake timamu. Alinishika mkono akaniomba."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nimechukua fomu ya ubunge, dada. Bila utemi, kura za huku nazitoa wapi? Na wazee hawana mwingine. Ng'ombe wameshachinjwa. Unataka nifanyeje?"

Nilikuwa nimebeba ujumbe kwa mtu aliyekuwa nao tangu kabla ya mazishi. Na mimi, kwa hasira zangu, niko mjini kwangu, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Bado. Kuna muhogo hapa."

"Kula, mdogo wangu. Kula nikusikie."

Nikasikia anatafuna. Alitafuna polepole, anavuta kamasi, na mimi nimekandamiza simu sikioni nisipoteze hata kidogo. Kisha mlango wake ukafunguliwa, sauti za wazee zikamsalimu kwa heshima ya mtemi, naye akaacha kutafuna.