Vioo vya Rangi Juu ya Darasa Letu

Mwaka niliohamishiwa shule moja kuukuu ya umma kule Kawangware, paka alizaa juu ya dari ya darasa langu. Fundi alipobandua mbao ili amtoe na watoto wake, sote tulibaki midomo wazi. Kumbe dari ilificha paa refu lenye matao, na dirisha la vioo vyekundu, vya kijani na vya buluu.

Asubuhi iliyofuata jua lilipita pale, nikashindwa kufundisha.

"Ticha, pua yako imekuwa green!" msichana mmoja alisema, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu mkuu, mama mkali ambaye hata mimi nilimwogopa, aliingia kutunyamazisha. Alisimama kwenye mwanga mwekundu, mvi zake zikawa kama nyanya. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alitazama mikono yake, akaigeuza polepole, kisha akasogea kando, kwenye mwanga wa buluu.

"Na hii ya buluu inanikaa aje?"

"Umeiva, madam! Umependeza!" darasa likajibu.

Alikaa nasi mpaka kengele ya chai, akihama kutoka rangi moja hadi nyingine, nami nikaketi kwenye dawati la nyuma nikicheka na wanafunzi wangu.