Chungu Kilichohifadhiwa

Mimi na wifi yangu Kijakazi tumegombana kwa mengi, lakini hili limetuchanganya sote wawili.

Wifi ni mfinyanzi, wa mwisho hapa kijijini kwetu Milola. Mabinti zake wameolewa Lindi mjini, wanapikia sufuria. Kilio chake siku zote kimoja, kwamba akifa yeye, na chungu kinazikwa. Basi wakaja wanafunzi watano wa sekondari, wakiongozwa na Naima, binti wa jirani yetu Mudathiri. Wakatoa shikamoo zao, wakaeleza kuwa mwalimu amewapa mradi: wachague kitu cha asili, wakihifadhi. Wao wamechagua chungu.

Kijakazi akalia, machozi kabisa! Maana kwetu aliyehifadhi ni yule mwenye msahafu mzima moyoni, ukimfunikia kitabu anaendelea pale ulipoishia. Wifi akajua amepata warithi.

Akawaanzisha kama chuoni kwa Kurani. Siku ya kwanza kukanda udongo, ya pili kukanda, ya tatu kukanda. Kalamu akawanyang'anya, eti anayeandika hajahifadhi. Watoto wakatazamana. Wakasema siku zimebana, wakaomba japo wampige video akifinyanga mwenyewe, naye akakubali shingo upande. Nikamwambia wifi haraka haraka haina baraka. Akanijibu nina wivu.

Siku ya maonyesho tulivaa khanga mpya. Chungu kilikaa mezani, video ikionyeshwa pembeni, jina la Kijakazi limeandikwa kwa wino mwekundu. Wakawa wa kwanza. Naima akamkumbatia wifi, akasema sasa kimehifadhiwa, hakipotei tena. Nami nilifurahi, nisiseme uongo.

Jumatatu yake Kijakazi akaleta udongo ndoo mbili, akaketi barazani kungoja somo la kuinua mdomo wa chungu. Hakuja mtu. Alhamisi Naima akapita njia, akaitwa. Wifi akamwekea donge mkononi, akamwambia aanze.

Mtoto akaligeuza. Akaligeuza tena, kwa adabu zote. Kisha akajifuta mkono kwenye sketi, akatoa simu.

"Ngoja bibi, nikuonyeshe ulivyofanya."

Kijakazi aliitazama video yote, hakuruka hata kidogo. Naima alipoaga na kuondoka, akanigeukia mimi.

"Esha, huyu mtoto amehifadhi nini?"

Donge lilikuwa limeanza kukauka. Nikalinyunyizia maji, sijui kwa ajili ya nani.