Takataka za Dada Mpiga Chapa

Mimi ni fundi kompyuta, na hakuna kinachonipandisha hasira kama mashine iliyovimbiwa. Mtu anataka kuandika barua tu, lakini akiiwasha anakutana na michezo sita, utabiri wa hali ya hewa na programu tatu za muziki zinazogombea spika moja. Nikiiwekea mashine mfumo upya, nafyeka. Wateja wananiita Panga, na jina nalipenda.

Dada Mpiga Chapa ana kibanda mkabala na karakana yangu. Vidole vyepesi, ulimi mwepesi zaidi: atakuchapia barua ya kuomba kazi huku akikutania kwamba kazi yenyewe huiwezi. Kompyuta yake ilikuwa imechoka. Akiiwasha, anafagia kibanda kizima, anarudi, bado inajikongoja. Asubuhi moja akaniletea, ameikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Nisilolijua ni kwamba ndani yake mlikuwa na maisha ya mama yake. Mama mwenyewe aliyasimulia, Dada akayachapa, kurasa mia mbili, kabla kiharusi hakijamfunga ulimi. Kila jioni Dada hubeba kompyuta nyumbani na kumsomea ukurasa mmoja, naye mama hugonga meza kwa kidole akitaka mwingine. Na kwa kuwa wateja wa kibandani hawana adabu, hufungua kila wanachokiona, Dada aliipa folda hiyo jina lisilomtamanisha mtu: Takataka.

Saa nne nikampigia simu.

"Dada, barua za wateja nimeshazihamishia kwenye flashi. Sasa chagua, nikuwekee programu zipi?"

"Ya kuandikia, ya printa, na saa nijue muda wa kufunga. Basi."

Nilifurahi. Hatimaye mteja mwenye akili!

"Na hizi takataka?"

"Panga, takataka nazo unaniuliza? Si wewe unayezilalamikia kila siku? Tupa zote, sitaki kuona hata moja."

Mimi nilikuwa nimeikodolea macho folda yenye jina hilo. Yeye alidhani nasema michezo na matangazo. Nikafuta diski nzima.

Alipokuja kuichukua, akabonyeza kitufe, ikawaka kabla hajavuta kiti. Akacheka, akanipigia makofi. Kisha akaanza kutafuta, anafungua hapa, anafunga pale.

"Unatafuta nini, Dada?"

"Takataka yangu."

Aliponieleza ilikuwa na nini, nikairudisha mashine karakana. Siku tatu nilihangaika na kila programu ya kufufua mafaili. Vilitoka vipande: "siku hiyo mvua", kisha alama zisizosomeka. Dada hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Siku ya nne nikaibeba mwenyewe hadi kwao, kuomba radhi. Mama alikuwa mezani tayari. Alipoiona kompyuta, akagonga kwa kidole. Dada akaniangalia, mimi nikaangalia sakafu. Akaiwasha, akafungua ukurasa mweupe, akageuzia skrini upande wake Mama asiione, akaanza kusoma yasiyokuwepo.

"Nilikuwa mtoto wa tatu. Baba alikuwa fundi cherehani. Nyumba yetu ilikuwa na mlango wa buluu…"

Kidole kikasimama. Mama akatikisa kichwa: sivyo.

"Wa kijani, Mama?"

Sivyo. Mama akafungua kinywa ili amsahihishe, nasi tukakaa tunasubiri.