Maji ya Uyoga

Kwa miaka arobaini shemeji yangu Ensio alichuma uyoga wa Mei msituni, na marehemu dada yangu Lahja akaupika. Kila siku ya kuupika Lahja alimtuma akawashe sauna, bafu lao la mvuke, kisha akafungua madirisha, akauchemsha mara mbili na kumwaga maji yote, maana ndiyo yenye sumu. Ensio aliujua msitu mti kwa mti. Sufuria hakuijua.

Alipofiwa, akashika mwiko. Kila msimu alijaribu chakula cha nchi nyingine kutoka kitabuni: dengu za Kihindi wakati wa theluji, na Mei hii wali wa Kiitaliano kwa uyoga wake.

Nilichelewa kufika. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na jikoni kulinukia vizuri mno.

“Kaa ule, shemeji. Leo utakoma kunicheka.”

“Maji ya uyoga umeyamwaga wapi?”

“Niyamwage? Wewe na dadako mlizoea kutupa vitu. Kitabu kinasema utamu wote umo humo.”

Sahani yake alikwisha kuipangusa kwa mkate. Nilipochukua simu, aliniuliza ni nani mwingine ninayemwalika.